Umra hatua kwa hatua: nguzo ni zipi, sunna ni zipi, na wapi watu hujikwaa

Umra, yaani kuizuru Kaaba ya Makka, ni ibada ya saa chache. Mtu mwenye afya, siku isiyo na msongamano, anaweza kuingia msikitini baada ya Isha na kabla ya usiku wa manane akawa ameshanyoa. Kwa ufupi huo wengi huichukulia kirahisi, wakaanza kujifunza wakiwa tayari ndani ya basi. Lakini makosa mazito ya umra, yale yanayomgharimu mtu mbuzi wa kuchinja au kumlazimu arudie, hutokea zaidi kwenye ndege na hotelini kuliko mbele ya Kaaba. Na yale ya mbele ya Kaaba, mengi huja kwa sababu mtu amepigania sunna mpaka akaiharibu faradhi.

Basi jambo la kwanza la kujifunza si dua ndefu. Ni kutofautisha lisilosameheka na linalosameheka. Nitafuata zaidi madhehebu ya Imamu Shafi, kwa kuwa ndiyo Waislamu wengi wa pwani yetu na visiwani wanayoyafuata, na nitataja wengine pale tofauti inapomgusa msafiri.

Umra yenyewe

Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara, aya ya 196, kwamba timizeni Hija na Umra kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kwa Mashafi na Mahanbali umra ni wajibu mara moja katika umri kwa mwenye uwezo. Kwa Mahanafi na Wamaliki ni sunna iliyotiliwa mkazo. Hija ina siku zake maalumu katika mwezi wa Dhulhija. Umra hufanyika wakati wowote wa mwaka, ingawa kiutaratibu serikali ya Saudi Arabia husimamisha viza za umra Hija inapokaribia.

Mtume (s.a.w.) alifanya umra nne baada ya kuhama: ya Hudaibiya mwaka wa 6 wa Hijria, ambapo Makureshi walimzuia njiani; ya kulipa mwaka wa 7; ya kutoka Jirana mwaka wa 8; na ile aliyoifanya pamoja na Hija yake ya kuaga mwaka wa 10. Amesema kwamba umra hadi umra ni kafara ya madhambi ya baina yake, na kwamba umra ndani ya Ramadhani ni sawa na Hija. Hiyo ya Ramadhani ni kwa thawabu. Haimwondolei mtu faradhi ya Hija, na nasikitika kuona baadhi ya mawakala wakiwauzia watu wazima kama kwamba inaiondoa.

Nguzo za umra kwa Mashafi ni tano: kuhirimia (yaani nia ya kuingia katika ihramu, hali ya ibada yenye makatazo yake), tawafu (kuizunguka Kaaba), sai (kutembea baina ya Safa na Marwa), kunyoa au kupunguza nywele, na kufuata mpangilio huo. Wajibu ni mawili: kuhirimia mahali panapostahiki, na kujiepusha na makatazo ya ihramu. Nguzo ikikosekana, umra haijatimia mpaka uirudie nguzo hiyo. Wajibu ukikosekana, unaziba kwa fidia. Yote mengine utakayosoma hapa chini, mbali na masharti ya nguzo hizo na tawafu ya kuaga, ni sunna na adabu: ukiyapata ni heri, ukiyakosa umra yako ni sahihi. Kiandike kifungu hiki kwenye daftari lako kabla ya kuandika majina ya watu waliokuomba uwaombee.

Kabla ya safari

Lipa deni lililokwisha fika wakati wake au mwombe mwenye nalo akupe ruhusa. Andika wasia. Waage ndugu na majirani, na mtake radhi yule uliyekosana naye, hasa yule ambaye moyo wako hautaki kwenda kwake.

Kisha wakala. Usilipe kwa kuangalia bei tu. Uliza jina la hoteli na liwe kwenye maandishi; uliza ni dakika ngapi kwa miguu hadi msikitini kwa mwendo wa mzee, maana "karibu na Haramu" inaweza kuwa Aziziya, ambako utategemea basi. Uliza nani atafuatana na kikundi, na kama kuna mwanamke mwenye elimu wa kuwasaidia kina mama. Swali hili la mwisho huwakosesha majibu wengi, nalo ndilo muhimu kuliko idadi ya nyota za hoteli.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo hutakiwa, na ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Ya homa ya manjano hutegemea nchi unayotoka, kwa hiyo ulizia mapema. Weka programu ya Nusuk kwenye simu: humo ndimo kibali cha umra na miadi ya kuingia Rawdha, ile sehemu tukufu ndani ya Msikiti wa Mtume kule Madina, hupatikana. Kama wewe na simu hamuelewani, kijana wa kikundi akufanyie mkiwa bado nyumbani.

Mwanamume anunue vitambaa viwili vyeupe visivyoshonwa umbo la mwili, mshipi wenye mfuko, na kandambili. Nyayo na mapaja ndiyo yanayowatesa watu: jizoeshe kutembea wiki kadhaa kabla, na ubebe mafuta ya mgando yasiyo na harufu ya kupaka mapaja yasichubuke. Mwanamke hana vazi maalumu wala rangi maalumu. Baibui lake la kila siku linatosha.

Hatua ya kwanza: kuhirimia mikatini

Hapa ndipo penye makosa. Mikati ni mipaka aliyoiweka Mtume (s.a.w.) ambayo mwenye nia ya umra haipiti bila kuhirimia. Ipo mitano: Dhul Hulaifa kwa wanaotoka Madina, Juhfa kwa njia ya Sham na Misri, Qarn al-Manazil karibu na Taif kwa njia ya Najd, Yalamlam kwa njia ya Yemen, na Dhat Irq kwa njia ya Iraki.

Kwa msafiri wetu inakuwa hivi. Ukipanda ndege ya moja kwa moja kwenda Jeddah kutoka Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi, viongozi wa misafara kwa kawaida hukuhirimisha usawa wa Yalamlam. Ukipitia Dubai, Doha au Muscat, ndege hutokea mashariki na mpaka wako ni Qarn al-Manazil, sawa na jamaa zetu wa Oman wanaokwenda kwa gari kupitia Taif. Kama ratiba inaanza Madina, umepata nafuu kubwa: unatua kwa nguo zako za kawaida, unazuru kwa utulivu, kisha siku ya kwenda Makka basi linasimama Dhul Hulaifa, mahali panapoitwa pia Abyar Ali, kuna mabafu na msikiti mkubwa. Ukipewa hiari, chagua ratiba hii, hasa kama unasafiri na wazee.

Kwa anayehirimia angani: oga, kata kucha, nyoa panapostahiki na uvae vitambaa vya ihramu nyumbani au kwenye uwanja wa ndege wa kuunganishia. Kuvaa vitambaa si kuhirimia. Kinachokuingiza ni nia. Ndege ikikaribia, rubani au wahudumu mara nyingi hutangaza. Usingoje dakika ya mwisho, kwani ndege huupita mpaka kwa kufumba na kufumbua, na watu hupitiwa na usingizi. Kuhirimia mapema kidogo hakudhuru. Kuchelewa kunadhuru: aliyepita mikati bila kuhirimia inampasa arudi mikatini kabla hajaanza ibada, au achinje mbuzi au kondoo Makka agawiwe maskini wa huko. Na tafadhali, usivitie vitambaa vyako vya ihramu kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Linaonekana jambo dogo, na kila msimu kuna anayelia kwa ajili yake.

Wakati ukifika, sema moyoni na kwa ulimi: *Nawaitul umrata wa ahramtu biha lillahi taala. Labbaika Allahumma umra.* Mwenye maradhi au hofu yoyote aongeze sharti: *Fain habasani habisun famahalli haithu habastani*, kwamba nikizuiwa na kizuizi, nitavua ihramu pale uliponizuia. Mtume (s.a.w.) alimfundisha sharti hilo Bi Dhubaa bint Zubeir alipolalamika ugonjwa. Faida yake ni kwamba ukizuiwa, unatoka katika ihramu bila kudaiwa kitu.

Kisha talbia, wanaume kwa sauti, wanawake kwa kiasi cha kujisikia: *Labbaika Allahumma labbaik, labbaika la sharika laka labbaik, innal hamda wan niimata laka wal mulk, la sharika lak.* Endelea nayo mpaka uanze tawafu.

Makatazo, na yale yanayojificha

Ukishanuia, mwanamume haruhusiwi nguo iliyoshonwa kwa umbo la mwili, pamoja na chupi na soksi, wala kufunika kichwa. Mwanamke hafuniki uso kwa nikabu wala havai glavu. Akitaka kujisitiri na wanaume, anateremsha kitambaa kisiguse uso. Wote wawili: hakuna manukato, kukata nywele wala kucha, kuwinda, kufunga ndoa, wala tendo la ndoa na yanayolitangulia.

Manukato ndiyo mtego. Hakuna anayejipaka udi akiwa ndani ya ihramu kwa makusudi. Lakini wahudumu wa ndege hugawa vitaulo vyenye harufu nzuri, sabuni na shampuu za hotelini zinanukia, na kiswa cha Kaaba (kitambaa kinachoifunika) na Jiwe Jeusi hupakwa mafuta mazuri. Mikono ya watu huvipokea vitu hivyo bila kufikiri. Aliyesahau au asiyejua hana dhambi wala fidia, ila aondoe harufu mara akumbukapo. Anayefanya kusudi, au anayenyoa kwa dharura ya ugonjwa, ana hiari ya mambo matatu: kufunga siku 3, kulisha maskini 6, au kuchinja mnyama mmoja.

Kuoga, kubadilisha vitambaa vilivyochafuka, kuvaa saa, miwani na mshipi, kulala chini ya blanketi kichwa kikiwa nje, yote hayo ni halali. Ihramu si kifungo cha uchafu.

Mwanamke mwenye hedhi anapofika mikati

Anahirimia kama wenzake. Anaoga, ananuia, analeta talbia. Bi Asma bint Umeis alijifungua pale Dhul Hulaifa katika msafara wa Hija ya kuaga, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aoge na ahirimie. Kosa linaloonekana sana ni dada kuamua "nitanuia nikitwahirika" akapita mikati mikono mitupu, kisha anatakiwa kurudi au kuchinja. Asifanye hivyo. Anuie, afike Makka, akae hotelini ndani ya ihramu yake mpaka atwahirike, aoge, ndipo akatufu. Hedhi ikimjia baada ya tawafu, anaendelea na sai, kwani sai haina sharti la tohara.

Wapo wanaotumia vidonge vya kuahirisha hedhi. Ni jambo la kuzungumza na daktari wiki nyingi kabla, maana vidonge vilivyoanzwa ovyo huweza kuleta damu ya matone siku zote za safari, na hapo maswali ya fikihi huwa magumu zaidi kuliko hedhi yenyewe.

Hatua ya pili: tawafu

Mkifika Makka, haraka ya nini? Kula, pumzika, mpe mzee usingizi. Ihramu haina saa ya kuisha. Kubalianeni mlango wa kukutania mkipotezana, kwa mfano mlango wa Mfalme Fahd ambao ni namba 79, na kila mtu awe na kadi ya hoteli. Kandambili zitie kwenye mfuko uzibebe mwenyewe.

Uwe na udhu. Mwanamume apitishe kitambaa cha juu chini ya kwapa la kulia, bega la kulia libaki wazi. Hii ni kwa tawafu, na kwa Mashafi pia kwa sai. Wanaotembea bega wazi tangu uwanja wa ndege, hata wakisali hivyo, wanajichosha kwa jambo lisilo wakati wake.

Anzia kwenye kona ya Jiwe Jeusi. Utaijua kwa taa ya kijani iliyo ukutani upande wa pili wa uwanja. Elekeza mkono wa kulia, sema *Bismillahi Allahu Akbar*, kisha Kaaba iwe kushotoni kwako, utembee mizunguko 7. Kulibusu Jiwe ni sunna; kumuumiza Muislamu ni haramu. Sayyidna Umar (r.a.) alipolibusu alisema kwamba anajua hilo ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na lau asingemwona Mtume akilibusu asingelibusu. Mtu anayempiga mwenzake kiwiko ili alifikie Jiwe hajayaelewa maneno hayo.

Wanaume huharakisha mwendo katika mizunguko mitatu ya mwanzo. Asili yake ni umra ya mwaka wa 7: Makureshi walisema Waislamu wamedhoofishwa na homa ya Yathrib (Madina), Mtume akawaamrisha masahaba waonyeshe nguvu. Siku hizi kwa msongamano huwezi, na si kitu. Baina ya Kona ya Yamani na Jiwe Jeusi soma *Rabbana atina fid dunya hasana wa fil akhirati hasana waqina adhaban nar*. Kwingineko omba ulitakalo, kwa Kiswahili, kwa Kimakonde, kwa lugha ya mama yako. Hakuna dua maalumu kwa kila mzunguko, na vile vijitabu vinavyogawa dua moja moja kwa namba vinawafanya watu wasome wasichokielewa huku wakigongana.

Ule ukuta mfupi wa nusu duara, Hijri Ismail, uzunguke kwa nje. Sehemu yake ni Kaaba yenyewe: Makureshi walipojenga upya walipungukiwa na mali ya halali wakaiacha nje. Anayekatiza ndani yake, mzunguko huo hauhesabiki.

Sasa suala la udhu, ambalo Mshafi hawezi kulikwepa. Kwa madhehebu yetu, ngozi ya mwanamume ikigusana na ya mwanamke asiye maharimu (yaani asiye wa jamaa wa karibu ambao ni haramu kuwaoa), udhu hutenguka, na mke ni miongoni mwa hao wasio maharimu. Wapo wanandoa wanaoshikana mikono mizunguko yote 7. Kwenye uwanja ule kuepuka mguso ni muhali, na kurudi kutia udhu kila mara ni mateso. Masheikh wengi huwaelekeza mahujaji kumfuata Abu Hanifa, ambaye mguso mtupu kwake hautengui. Lakini ukimfuata yeye, udhu wako nao uwe sahihi kwake: usipake maji nywele mbili tatu kama tulivyozoea, paka robo ya kichwa au zaidi. Zungumza na sheikh wako kabla ya safari. Wanandoa wakamatane kwenye nguo.

Ukitia shaka ni mzunguko wa tano au wa sita, shika wa tano. Sala ikikimiwa, simama usali kisha uendelee. Asiyeweza kutembea, kuna viti vya magurudumu na ghorofa za juu. Huko mzunguko ni mrefu zaidi lakini hakuna msukumano.

Ukimaliza, funika bega, sali rakaa mbili nyuma ya Makamu Ibrahim (jiwe alilosimamia Nabii Ibrahim), *Qul ya ayyuhal kafirun* ya kwanza na *Qul huwallahu ahad* ya pili. Nyuma yake maana yake si kuigusa. Popote msikitini panafaa. Kisha kunywa Zamzam.

Hatua ya tatu: sai

Nenda Safa. Ukikaribia soma *Innas Safa wal Marwata min shaairillah*, panda kidogo, elekea Kaaba, leta takbira na uombe. Kisha tembea hadi Marwa. Hiyo ni moja. Kurudi Safa ni mbili. Ya saba inaishia Marwa. Kuna wanaohesabu kwenda na kurudi kuwa moja, wakajikuta wametembea mara 14, na kwa kuwa mara moja ni zaidi ya mita 390 hivi, hao wametembea zaidi ya kilomita 5, nusu yake pasipo sababu.

Katikati kuna taa za kijani ambapo wanaume hukimbia kidogo. Ajabu yake ni kwamba aliyekimbia hapo kwanza alikuwa mwanamke, Bi Hajar, akimtafutia maji mwanawe Ismail, na wanawake leo wanaambiwa watembee tu. Mamilioni ya wanaume wanaifuata mbio ya mama yule. Udhu si sharti hapa. Ukichoka, kaa, kunywa maji, endelea.

Hatua ya nne: nywele

Mtume (s.a.w.) aliwaombea wanaonyoa mara tatu na wanaopunguza mara moja, kwa hiyo mwanamume anyoe. Vinyozi wako karibu na msikiti. Hakikisha wembe ni mpya mbele ya macho yako. Pale Marwa utaona watu wakikatana nywele tatu kwa mkasi. Kwa Mashafi zinatosha, lakini kwa madhehebu mengine hazitoshi. Umesafiri maelfu ya kilomita, kwa nini uishie kwenye kiwango cha chini kabisa? Mwanamke akusanye nywele zake na akate ncha kiasi cha pingili ya kidole, mahali pa faragha.

Hapo umra imetimia na makatazo yote yameondoka.

Umra ya pili, na kuaga

Wengi hutaka kuwafanyia umra wazazi waliofariki. Inafaa, mradi umeshafanya yako. Unatoka nje ya eneo la Haramu, yaani eneo takatifu linaloizunguka Makka, kwa kawaida Tanim kwenye msikiti wa Bi Aisha, unahirimia hapo na kurudi. Kila umra ni ya mtu mmoja. Kwa Mashafi kukithirisha umra ni jambo la kupendeza. Wanazuoni wengine wanaona tawafu za sunna ni bora kuliko kwenda na kurudi Tanim. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, mimi niko na hao wa pili: afanye umra moja au mbili kwa utulivu, na muda wake uliobaki atufu, asali na awaombee wazazi mbele ya Kaaba.

Kuzuru Madina si sehemu ya umra, na asiyefika huko umra yake haina upungufu. Miadi ya Rawdha iombe Nusuk mapema, nafasi hujaa.

Siku ya kuondoka, tawafu ya kuaga. Kwa Mashafi ni wajibu kwa anayetoka Makka kwa safari ndefu, na mwenye hedhi amesamehewa. Kwa wengi wengine haimlazimu mwenye umra. Ifanye mizigo ikiwa imefungwa na zawadi zimeshanunuliwa, kwa sababu baada yake hutakiwi kukawia. Maji ya Zamzam usiyatie ndani ya sanduku la nguo, yatatolewa uwanjani. Chukua lile dumu la lita 5 lililofungwa kwenye boksi lake, na uulize shirika lako la ndege kama limo ndani ya tiketi.